Hoteli haina mkahawa? Panga mlo mapema
Ukilala kwenye hoteli ndogo ya katikati ya Kisumu isiyo na mkahawa, uliza mambo mawili kabla hujalipa: je, chumbani kuna birika la umeme, na wanaruhusu chakula cha nje? Mimi hushuka Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, jua likiwa bado juu, nikachagua ngege (tilapia) mwenyewe, akakaangwa nikiona, nikafungiwa na ugali moto na sukuma wiki. Mwambie mama anayekaanga akufungie mchuzi kando, la sivyo ile ngozi kavu, tamu kuliko yote, italainika kabla boda haijafika mjini. Asubuhi ni rahisi: chai ya maziwa na chapati utapata vibandani karibu na steji. Tafadhali usile samaki kitandani, harufu haitoki kwenye shuka.