Jifunze vi kabla hujaihitaji
Ukiingia kwenye seva ngeni, kihariri chako cha kisasa huenda hakimo. Lakini vi, programu ya kuhariri maandishi iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976, mara nyingi utaikuta, maana imo kwenye viwango vya POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo endeshi ya aina ya Unix, kama Linux. Kwa kuanzia yatosha haya: bonyeza i uandike, Esc ukimaliza, kisha :wq kuhifadhi na kutoka. Umevuruga faili la mipangilio? :q! inakutoa bila kuhifadhi mabadiliko, na hiyo ndiyo amri ninayoithamini kuliko zote. Ongeza na grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, nayo ni ya miaka ya 1970: ukiandika grep -n utaonyeshwa namba ya kila mstari wenye neno unalolitafuta, hata faili likiwa na mistari laki tano.