Somo: Jinsi ya kumtengeneza Marzanna, kumzamisha, na kurudi na gaik (tawi bichi lililopambwa)

Wakuu, kila ikikaribia mwezi wa 3 naulizwa hii kitu inbox, leo naiandika yote. Marzanna ni mdoli wa kike, Wapoland wanamhesabu ndo majira ya baridi yenyewe, ndo magonjwa na kifo, ni mila ya Waslavi ya tangu kabla Poland haijabatizwa mwaka 966. Zamani alitolewa Jumapili ya nne ya Kwaresma, siku hizi wengi wanafanya tarehe 21 mwezi wa 3, hasa watoto wa shule.

Hatua ya 1. Funga fimbo mbili mfano wa msalaba, zizungushie mabua makavu ya ngano mpaka apate kifua na mikono, kichwa kifunge kitambaa cheupe. Mvalishe vizuri jamani, shanga, riboni, vijiji vingine vya Silesia, kusini mwa Poland, anatoka kama bibi harusi kabisa na taji lake.

Hatua ya 2. Mpitisheni nyumba kwa nyumba mkiimba, na kila dimbwi njiani mnamchovya.

Hatua ya 3. Jioni mtoni. Mnamwasha moto, riboni zinaanza kujikunja, mabua yanatoa moshi mzito wa njano, hapo hapo mnamtupa. Sasa sikilizeni, akishaingia majini usimguse, wanaamini mkono utanyauka. Usigeuke nyuma, utaugua. Na usijikwae njiani, maana wewe au ndugu yako hammalizi mwaka.

Hatua ya 4. Hii ndo watu wanairuka na inaniuma sana, kwa sababu mkimtoa baridi lazima mlete kitu badala yake. Chukueni tawi bichi la msonobari, lipambeni riboni na maganda ya mayai yaliyopakwa rangi, linaitwa gaik, mrudi nalo mkiimba. Bila gaik mmefanya nusu.

MASWALI

Swali: Kanisa lilikubali?
Jibu: Wapi! Mwaka 1420 sinodi (mkutano wa viongozi wa Kanisa) ya Poznań, mji wa Poland, iliwaagiza mapadri wazuie. Baadaye wakajaribu kuleta desturi ya kumtupa mdoli wa Yuda kutoka mnara wa kanisa, ila Marzanna hakutoka.

Swali: Si mnachafua mto?
Jibu: Kweli, ndo maana siku hizi wengi wanamchoma tu hawamtupi. Tumia mabua, karatasi na pamba, plastiki hapana.

Swali: Mimi wa Unguja, mbona kama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, tunavyochoma kile kibanda cha makuti?
Jibu: Umeona eeh, mwaka wa zamani unaondoka na moto. Ila kwenu mtu anaingia kibandani na kutoka mbio salama, Marzanna yeye harudi.

Swali: Nikijikwaa je, naogopa
Jibu: Vaa buti lisiloteleza mdogo wangu, mwezi wa 3 kando ya mto kuna tope la theluji. Na simu ibaki mfukoni mpaka mfike nyumbani, maana ukitaka picha utageuka tu.