Somo: Kuchagua taima janja ya kumwagilia bustani ya nyumbani

Wakuu, wengi wetu tukitaka taima janja, yaani kifaa cha kufungua na kufunga maji kwa ratiba unayoipanga kwa simu, tunaanza kutazama picha za programu yake ya simu. Mimi nashauri uanzie kwenye tanki. Nyumba nyingi za Dar hupata maji kwa mgao, yanajazwa kwenye simtank, na bustani inakunywa humo. Hapo ndipo taima nyingi za bei kubwa zinaposhindwa kazi.

Hatua ya 1: Jua msukumo wa maji yako

Kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo). Simtank likikaa kwenye mnara wa mita 3, bombani una bar 0.3, na chujio na mipira mirefu vitapunguza tena. Vali za umeme za kawaida, zenye kiwambo cha mpira ndani, hutumia msukumo wa maji yenyewe kufunguka na kujifunga, na nyingi zinataka nusu bar au zaidi. Chini ya hapo vali inaweza isijifunge vizuri, tanki likaisha usiku mmelala. Tafuta kiwango cha chini cha msukumo kwenye boksi. Kisipoandikwa, achana nayo. Mwenye tanki bila pampu atafute taima ambayo ndani yake mota ndogo inazungusha koki. Zipo zinazofanya kazi hata msukumo ukikaribia sifuri.

Hatua ya 2: Hesabu kanda

Kanda ni sehemu ya bustani inayomwagiliwa kwa pamoja: mchicha na nyanya zinazomwagiliwa kwa matone kanda yao, nyasi kanda yao, vyungu vya maua kanda yao. Usichanganye. Kila kanda ni vali moja, kwa hiyo nunua taima yenye nafasi moja au mbili za ziada.

Hatua ya 3: Umeme

Vali za taima za ukutani kwa kawaida ni za volti 24 AC. Za betri hupokea mshtuko mfupi wa DC kufunguka na mwingine kufunga. Haziingiliani, hata zikifanana sura. Anayeagiza kutoka Marekani aangalie transfoma: ya kule ni ya volti 120, sisi tuna 230. Kampuni za Hunter na Rain Bird zina matoleo ya 230, lakini muuzaji mpaka umuulize.

Hatua ya 4: Ujanja wenyewe

Ratiba ikae ndani ya kifaa, bando likiisha bustani isilale na kiu. Wifi yake mara nyingi ni ya 2.4 GHz tu. Utabiri wa mtandaoni msiutegemee sana, maana mvua inaweza kunyesha Kigamboni na Tegeta pakawa pakavu. Kihisi cha mvua cha paani, chenye visahani vinavyovimba vikilowa na kusimamisha umwagiliaji, kwangu kina faida zaidi, hasa wakati wa masika. Halafu kuwe na vitufe kwenye kifaa chenyewe. Dada wa nyumbani hana programu yako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, luku ikiisha usiku inakuwaje?

Jibu: Vali ya kawaida ya volti 24 AC hujifunga umeme ukikatika, na taima nzuri haisahau ratiba. Tahadhari ni kwa za betri: nyingi, betri ikifa koki ikiwa wazi, inabaki wazi. Badilisha betri mapema.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina pampu ya kisima, naiunga moja kwa moja kwenye taima?

Jibu: Marahaba. Hapana, utaiunguza taima. Sehemu ya pampu kwenye taima hutoa volti 24 za kuamsha rilei tu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Rilei ndiyo iwashe pampu. Mpe kazi hiyo fundi umeme, akuwekee na kinga ya kuzima pampu kisima kikikauka.

Swali: Mimi niko Muscat, bustani ya mama iko Tanga. Nitaiendesha nikiwa huku?

Jibu: Inawezekana, ruta ya nyumbani ikiwa hewani muda wote. Chukua inayokubali mita ya mtiririko ili mpira ukipasuka upate taarifa. Kabla ya kununua, mwambie mtu asimame na simu pale taima itakapofungwa apime wifi, maana kuta za zege huizuia sana.