Kusajili CBO ya hisani Kisumu: kumbukumbu za mkutano, cheti, akaunti, hadi barua ya OCS

Kikundi kikizungushwa kuhusu cheti, lawama huenda kwanza kwa afisa, kisha kwa mtandao. Wakati mwingine wanastahili. Ila mara nyingi kilichokwamisha mambo ni karatasi mbili za kumbukumbu za mkutano zilizoandikwa harakaharaka watu wakiwa tayari wanaaga. Karatasi hizo zitasomwa na afisa wa maendeleo ya jamii, zisomwe tena na karani wa benki, halafu mfadhili aziombe mwaka ujao. Kwa hiyo hapa tutakaa nazo. Fomu yenyewe tutaipita, kwa sababu aliyewahi kujaza fomu ya basari ataiweza.

Aina na ofisi

Usajili unafanywa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na mnahitaji wanachama wasiopungua 10. Chama cha kuweka na kukopeshana, ambacho faida yake inawarudia wenyewe, ni kikundi cha kujisaidia, na ada yake ni shilingi 1,000. Mkigawa sodo shuleni, mkilisha wazee au mkiandaa kambi ya matibabu, faida inamwendea mtu asiye mwanachama. Hiyo ni CBO, yaani shirika la kijamii, shilingi 5,000. Wengi huona tofauti hiyo ya 4,000 wakajisajili kama kikundi cha kujisaidia "kwa sasa". Siku mfadhili akiuliza CBO iko wapi, mnaandika katiba nyingine na kuanza foleni upya.

Mkiwa na ndoto ya kufanya kazi nchi nzima, kuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyokaa kabatini hadi ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Hiyo ina ofisi yake na mzigo wake. Kazi ya wadi mbili tatu haiuhitaji.

Ofisi mnayoitafuta ni ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu. Kisumu ina kaunti ndogo saba, na mtego uko mjini: Nyalenda A iko Kisumu Mashariki, Nyalenda B iko Kisumu ya Kati. Manyatta B nayo ni Mashariki, ilhali Kondele ni ya Kati. Kikundi chenye mwenyekiti wa upande huu wa barabara na ofisi upande wa pili kinaweza kupigwa danadana kwa muda mrefu. Amueni anwani moja, mahali mnapofanyia kazi, na iwe hiyohiyo kwenye kila karatasi. Barua ya chifu pia itoke kwa chifu wa eneo hilo, hata kama yule wa kwenu ndiye mnayezoeana naye.

Piga simu kabla ya kwenda. Afisa huyo mmoja ndiye anayeshughulikia vikundi, wazee wanaopokea pesa za serikali za Inua Jamii na kesi kadhaa ambazo hazimhusu, na wiki ya semina haitangazwi mlangoni.

Kumbukumbu za mkutano

Andaeni mikutano miwili na kumbukumbu mbili: moja ya kusajili, nyingine ya kufungua akaunti ya benki. Kuchanganya yote katika mkutano mmoja ndilo kosa linalowagharimu watu wengi muda.

Mkutano wa kwanza una mambo manne: kuunda kikundi na kukubaliana jina, kupitisha katiba, kuchagua viongozi, na kuazimia kusajili. Mpangilio huo una maana. Mkichagua mwekahazina kabla ya kupitisha katiba, afisa makini atauliza cheo cha mwekahazina kimetoka wapi. Ni swali la haki, ingawa huulizwa saa saba kasoro dakika kumi.

Azimio la kusajili liandikwe kwa ukamilifu, kwa mfano hivi:

"Wanachama waliafikiana kwamba kikundi kisajiliwe kama CBO kwa jina la ______ katika ofisi ya maendeleo ya jamii, Kaunti Ndogo ya Nyando. Pendekezo lilitolewa na ______ na kuungwa mkono na ______."

Aliyependekeza na aliyeunga mkono lazima waonekane kwenye orodha ya waliohudhuria. Ni jambo dogo, lakini hurudisha watu nyumbani.

Sasa majina. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule. Kitambulisho kikisema Achieng Mary Otieno, usiandike Mary Achieng, na usiandike Mama Brayo hata kama hakuna kijijini anayemjua kwa jina lingine. Njia salama ni kukusanya kopi za vitambulisho kwanza, kisha kuandika orodha ukizitazama, badala ya kuwaachia wanachama wajiandike. Wakijiandika, tarakimu moja ya kitambulisho hukosewa na saini huwa ya kuringa, isiyofanana na ile atakayoiweka benki. Kopi iwe ya pande zote mbili, kwenye ukurasa mmoja.

Sheria inasema 10, lakini msiende na 10 kamili. Kitambulisho kimoja kikiwa kimefutika, au mtu mmoja akihamia Nairobi katikati ya shughuli, mmebaki tisa na faili limesimama. Watu 14 au 15 wanaoonekana kweli mikutanoni wanatosha. Orodha ya watu 60 inapendeza machoni, mpaka afisa aje kuwatembelea na kuwakuta wanane.

Tarehe ya kumbukumbu, tarehe ya katiba na tarehe ya fomu zifuatane. Katiba iliyochapishwa saiba wiki mbili baada ya mkutano unaosemekana uliipitisha, ikiwa na tarehe ya siku ya kuchapishwa, huzua maswali ambayo hamna majibu yake. Mwenyekiti na katibu watie saini kila ukurasa, pamoja na ule wa mwisho. Na orodha hiyo ya namba za vitambulisho na simu isitupwe kwenye kundi la WhatsApp "ili kila mtu ahakikishe".

Katiba

Kunakili katiba ya kikundi cha jirani si dhambi, kila mtu anafanya hivyo. Dhambi ni kuacha jina la jirani kwenye kifungu cha 11. Soma mpaka mwisho, hasa vifungu vya fedha na vya kuvunja kikundi. Katiba ya CBO iseme kikivunjwa mali itakwenda kwa shirika lingine la hisani. Ikisema wanachama watagawana, mmejiandikia chama cha kukopeshana bila kujua.

Malengo yasiwe mapana. "Kusaidia jamii" hakumwambii afisa chochote. "Kugawa sodo na sare kwa wasichana wa shule za msingi katika wadi ya Ahero" kunamwambia mtafanya nini, wapi, kwa nani. Kama mnaishi Kobura au Kabonyo/Kanyagwal, ongezeni kusaidia waathiriwa wa mafuriko sasa hivi. Maji ya Nyando hayasubiri marekebisho ya katiba, na msimu wa mvua za masika si wakati wa kuanza kuomba afisa atie saini kipengele kipya.

Jina nalo lisiwe kubwa kuliko kazi. Andaeni majina matatu, kwa sababu la kwanza huenda limeshachukuliwa. Neno "Kenya" au "Foundation" kwenye jina la kikundi cha watu 14 huleta maswali kabla hata hamjaketi.

Kuwasilisha na kulipa

Pelekeni faili moja: fomu, kumbukumbu, orodha yenye saini, katiba, kopi za vitambulisho, barua ya chifu. Afisa ayapitie kabla hamjalipa. Malipo ya serikali sasa yanapitia eCitizen, Paybill 222222, na risiti hutoka hapohapo kwenye simu. Pesa taslimu mkononi mwa mtu wa ofisini, hata awe mchangamfu vipi, haina risiti na haina shahidi. Mkiambiwa "sistimu iko chini", chukueni namba ya ankara na mlipe jioni kutoka nyumbani.

Cheti kikitoka, msisherehekee kwanza. Kisomeni palepale: jina herufi kwa herufi, kaunti ndogo, tarehe ya mwisho. Kosa likigunduliwa ofisini hurekebishwa siku hiyo. Likigunduliwa benki, mmerudi kwenye semina ya afisa. Tarehe ya mwisho iingizwe kwenye simu ya katibu, kwa sababu cheti kilichokwisha muda hufanya akaunti iwe na maneno.

PIN na akaunti

Hapa ndipo kumbukumbu ya pili inapohitajika, na iwe na tarehe ya baada ya cheti. Ajenda ni moja: kufungua akaunti. Itaje benki, tawi, watia saini watatu kwa majina ya vitambulisho, na jinsi watakavyotia saini. Andikeni "wawili kati ya watatu, mwekahazina akiwa mmoja wao", na fomu ya benki iseme hivyohivyo. Kumbukumbu zikisema wawili na fomu ikisema wote watatu, karani atazirudisha. Asiporudisha ndipo pabaya zaidi, maana mtaligundua siku mnataka kulipia hema na mmoja yuko Mombasa.

Benki itataka PIN ya kodi ya kikundi, na KRA, mamlaka ya kodi, nayo itataka PIN za viongozi kabla ya kuwapa. Kuanzia siku hiyo kikundi kinadaiwa ritani kila mwaka, hata kama hakuna shilingi iliyoingia. Adhabu ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni 2,000. Kwa kikundi inaanzia 20,000. CBO nyingi huja kujua hili wakati mfadhili anaomba cheti cha kodi. Na kusajiliwa kama CBO hakumaanishi mmesamehewa kodi. Msamaha wa mashirika ya hisani huombwa KRA peke yake, kwa karatasi zake.

Michango isipitie simu ya mwekahazina. Benki nyingi zina Paybill yao, mchangaji anaweka namba ya akaunti yenu tu, na taarifa ya benki inakuwa hesabu yenu. Kupitisha makopo barabarani ni jambo tofauti: linahitaji leseni chini ya Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106.

Siku ya shughuli

Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inataka taarifa kwa polisi. Ila mkutano unaofanywa kwa ajili ya hisani pekee hauhesabiwi humo kama mkutano wa hadhara. Matembezi yanahesabiwa. Kwa hiyo kambi ya matibabu uwanjani mnamjulisha OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kwa adabu na usalama, lakini mkitembea barabarani na fulana za rangi moja, taarifa ni lazima.

Taarifa ipelekwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Wenye bidii hupeleka mwezi mzima mapema wakaambiwa warudi, wanadhani wanaombwa kitu kidogo, kumbe kwa hili askari ana sheria upande wake. Kwa matembezi ya Jumamosi, Jumatatu ya wiki hiyo inatosha na kubaki, ila Jumatatu ya wiki iliyotangulia inawapa nafasi ya kurekebisha. Uwanja ombeni kaunti mapema zaidi, kwa sababu siku 14 hazitoshi barua kutoka meza moja hadi nyingine.

Barua iwe na majina kamili na anwani za waandaaji, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na njia. Saa ziwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Njia iandikwe barabara kwa barabara. Kisumu hii ina uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta mjini, ina uwanja wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, na barabara ya Jomo Kenyatta kutoka Kondele. Barua inayosema "tutatembea Jomo Kenyatta hadi Jomo Kenyatta" imeshamchosha OCS kabla hajafika kwenye saini.

Mkianzia Kondele na kumalizia katikati ya mji, mnavuka maeneo ya vituo viwili vya polisi. Pelekeni barua kote. Kila kituo nakala mbili, yao na yenu, na msiondoke kabla yenu haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kidau cha wino kikiwa kimekauka, ngojeni kitafutwe. Siku yenyewe nakala hizo zibebwe na mtu anayetembea mstari wa mbele, zisiachwe kwenye gari la maji linalofuata nyuma.