Somo: "Il faut", maana, asili na matumizi yake

"Il faut" (inabidi, inahitajika) ni umbo la wakati uliopo la kitenzi cha Kifaransa falloir. Hutamkwa "il fo". T kwa kawaida haisikiki. Usitafute umbo la je (mimi) wala la nous (sisi), halipo. Kitenzi hiki hukubali il peke yake, na il hiyo haimtaji mtu yeyote. Ni kama i- ya "inabidi".

Asili ni Kilatini fallere, kudanganya. Katika Kifaransa cha kale maana ikawa kukosa, kupungukiwa; na unachokikosa ndicho unachokihitaji. Faute, yaani kosa, ni ndugu yake. Maana hiyo ya zamani bado ipo katika "peu s'en faut": imebaki kidogo tu.

Hatua ya 1: weka nomino. Il faut du sel, inahitajika chumvi. Mwenye haja huingia katikati: il me faut du sel, nahitaji chumvi.

Hatua ya 2: weka kitenzi kisichonyambuliwa. Il faut partir, inabidi kuondoka. Nani aondoke? Mazungumzo yenyewe yataonyesha.

Hatua ya 3: ukitaka kumtaja mtendaji, tumia que na subjonctif (umbo la kitenzi la jambo linalotakiwa). Il faut que tu viennes, inabidi uje. Kiswahili nacho hudai -e hapa, kwa hiyo mantiki unayo tayari. Wengi bado huandika "que tu viens", kwa sababu vitenzi vingi vya -er huficha tofauti: que tu parles haibadiliki. Jizoeze kwa vile vinavyobadilika: que j'aille (niende), que tu fasses (ufanye), qu'il soit (awe).

Nyakati nyingine za kitenzi hiki: il fallait na il a fallu (ilibidi), il faudra (itabidi), il faudrait (ingebidi).

MASWALI

Mwalimu, "il ne faut pas partir" ni "si lazima kuondoka"?
Hapana, ni katazo: usiondoke. "Si lazima uondoke" ni tu n'es pas obligé de partir. Kuwa mwangalifu sana hapa: ukimwambia mgonjwa il ne faut pas prendre ce médicament, umemkataza dawa.

Il a fallu na il fallait zinatofautianaje?
Il a fallu attendre: ilibidi kungoja, na watu wakangoja. Il fallait m'appeler mara nyingi ni lawama: ungenipigia simu, na hukupiga.

Nasikia "faut y aller" (inabidi kwenda) bila il. Ni sahihi?
Katika mazungumzo, ndiyo. Kwenye mtihani au barua rasmi, rudisha il.