Kufikia kwa wenyeji Pemba

Piga hodi. Ikifika mara ya tatu hujaitikiwa, rudi zako, usichungulie ndani. Viatu vulia mlangoni, na sukari kilo 2 uliyokuja nayo mkabidhi mama mwenye nyumba.

Penye sinia ndipo wageni wengi wanapokosea. Nawa, kaa mkekani, kula kwa mkono wa kulia, upande wako tu. Usivuke kati kufuata samaki, utasogezewa. Ukiinua mkono mapema, wenzako nao huona haya kuendelea, basi punguza matonge, nenda nao taratibu.

Chooni, jaza ndoo kabla hujatoka. Mchana wa Ramadhani usile hadharani.

Malipo patana siku ya kwanza. Siku ya kuagana wenyeji huona aibu kutaja bei, na hapo ndipo wanapopunjwa.