Mlangilangi: namna ya kuutambua na kuupanda maua yabaki pale mkono unapofika

Siku hizi watu wanaulizia sana miche ya mlangilangi, ule mti wa maua ya kunukia, na wengi wanauziwa mti mwingine kabisa, kwa hiyo kabla hujashika jembe ujue kwanza unachonunua. Ukikuta una maua umemaliza kazi, maana ua lake huwezi kulikosea, petali 6 ndefu nyembamba zinaning'inia na kujipindapinda, zinaanza za kijani zenye vinyweleo halafu taratibu zinageuka njano, na likishaiva vizuri unaona kijidoa cha wekundu pale katikati petali zinapokutana. La kijani bado harufu yake haijakaa sawa, usilichume.

Shida ni mche mdogo usio na ua. Angalia majani: yametoka kwa zamu upande huu na upande huu wa tawi, laini, mapana, sentimita 13 mpaka 20 hivi, kingo zina mawimbi kidogo, na matawi yenyewe yanalegea kuelekea chini. Wengi wanapigwa na mwashoki, ile miti mirefu iliyosimama wima kwenye mageti ya watu, ila jani la mwashoki ni jembamba, gumu, linang'aa na mawimbi yake yamezidi. Wote ni ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope ndo maana wanafananafana. Mkilua pia ni wa ukoo huohuo, ule wa vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia (kitaalamu Mkilua fragrans), lakini huo ni wa kwetu pwani hii ya Kenya na Tanzania na haurefuki hivyo, wakati mlangilangi asili yake ni huko Asia ya kusini mashariki.

Halafu kuna mlangilangi mfupi, kichaka cha mita 2 hivi, petali nyingi zimejikunja, unachanua ungali mdogo. Huo siyo feki, na kama kiwanja chako ni kidogo au unataka wa kwenye chungu kikubwa chukua huo, muhimu muuzaji akwambie ukweli. Kwa kawaida hauzai matunda kwa hiyo miche yake inatokana na vipandikizi.

Mti mkubwa unapandwa kwa mbegu. Matunda yanakaa kwenye kichala, kijani kisha meusi, yakiwa meusi wahi kabla ndege hawajamaliza, toa nyama, osha, anika kivulini. Mbegu zinachelewa kuota, mwezi, miezi miwili na zaidi, tena haziji pamoja, usije ukamwaga udongo ukidhani zimeoza. Tumia kiriba kirefu, yaani mfuko wa kuoteshea mche, sababu mzizi wake mkuu unakimbilia chini na haupendi kabisa kusumbuliwa, siku ya kuhamisha unakichana kiriba na kuushusha na udongo wake wote, usiuvute kwa shina.

Panda masika yakianza, shimo la sentimita 50 kila upande, samadi iliyooza vizuri, sehemu yenye jua na maji yasiyotuama. Unapenda joto na mvua, Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa hapo ndo kwao, ukishapita mita 800 kutoka usawa wa bahari usitegemee makubwa. Uwe mbali na bati na nyaya za umeme tafadhali, mbao yake ni laini na upepo wa kusi ukikaza matawi yanakatika.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapopoteza maua yao: mti ukiuachia unapanda mpaka mita 20, maua yote yako juu wewe unanusa tu. Komoro, ambako wanayatoa mafuta ya manukato kwa mvuke, mashamba yao yamejaa miti mifupi iliyopinda kwa sababu wanaikata kichwa mapema. Fanya hivyohivyo, ukifika mita 2 na nusu au 3, mwaka wa pili au wa tatu, kata ncha ya shina kwa msumeno mkali, mkato wa mshazari maji yasikae, matawi ya pembeni yakirefuka yavute chini polepole kwa kamba uifunge kwenye kigingi, usilazimishe siku moja litavunjika. Machipukizi yanayosimama wima yaondoe kila ukiyaona. Hii kazi haiishi, ni ya kila mwaka, lakini maua utayachuma umesimama chini.

Kuchuma ni alfajiri, jua likipanda harufu inapungua. Chukua yaliyo njano tu, shika kikonyo siyo petali kwa sababu zikiminywa zinageuka nyeusi, weka kwenye ungo bila kurundika, na kama ni ya singo (ule mchanganyiko wa kunukia wa kusugulia mwili) au ya kutia kwenye nguo yatumie siku hiyohiyo.